Maswali ya Wasomaji: Uwanja ni wetu, kwa nini tuombe kibali cha kuegesha gari?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi kusini mwa England, katika nyumba tuliyoinunua wenyewe. Mbele ya nyumba palikuwa na bustani ndogo ya majani na ua wa vichaka. Kwa kuwa jioni barabara yetu hujaa magari, tulimwita fundi aliyeng'oa kila kitu na kumwaga zege kutoka ukutani hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sasa halmashauri imetuandikia barua ikitutaka tuache kupandisha gari juu ya njia hiyo, na imetaka maelezo kuhusu lile zege. Hati ya nyumba tunayo na mkopo tunaulipa sisi. Wanatuingilia kwa haki gani?
Msomaji wa kike, kusini mwa England

JIBU: Dada yangu, pole kwa usumbufu. Swali lako ni moja, lakini ndani yake mna mambo mawili yenye sheria mbili tofauti, na ndiyo maana watu wengi hupata kibali kimoja wakadhani wamemaliza. Wasomaji walioko Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wafahamu kwamba huko kuna kanuni zao. Haya ninayoyaeleza ni ya England.

Jambo la kwanza ni njia ya waenda kwa miguu. Hati yenu inaishia kwenye mpaka wa kiwanja, na kati ya mpaka huo na lami kuna kipande ambacho ni cha umma. Sheria ya Barabara ya mwaka 1980, katika kifungu cha 184, inaipa mamlaka ya barabara uwezo wa kuamua gari livuke wapi na kwa masharti gani. Ili mvuke kihalali, ukingo wa mawe ulio kati ya njia hiyo na lami hauna budi kushushwa na njia yenyewe kuimarishwa, kazi inayofanywa na halmashauri au na mkandarasi iliyemkubali, kwa gharama ya mwenye nyumba ambayo mara nyingi huzidi pauni 1,000. Na hata mkishalipa, kipande hicho kinabaki kuwa mali ya umma.

Najua sharti hilo linaonekana kama urasimu, lakini hebu itazameni njia yenyewe. Ilijengwa kubeba watu wanaotembea, si gari la tani moja na nusu kila asubuhi na jioni. Chini yake huweza kupita bomba la gesi, nyaya za umeme na za simu, na bomba jembamba la maji ya nyumba yenu ambalo kifuniko chake kidogo cha chuma huenda kiko pale pale tairi linapokanyaga. Kigae kikikanyagwa kila siku huinama upande mmoja, pengine kwa kimo cha kidole tu, na kimo hicho kinatosha kumwangusha mzee mwenye fimbo au kukwamisha kiti cha magurudumu.

Halmashauri ina uwezo wa kukataa ombi. Hutazama kama kuna mti wa barabarani, nguzo ya taa au makutano ya barabara karibu, na kama gari litaenea lote ndani ya kiwanja bila kutokeza nje. Nyingi hutaka kina cha mita 4.8 hivi kutoka ukutani hadi mpakani, ingawa vipimo hutofautiana. Wakati mwingine hukataa kwa sababu ukingo ukishushwa, nafasi ya kuegesha iliyokuwa ya kila mtu barabarani inageuka kuwa mlango wa mtu mmoja. Sababu hiyo huwaudhi wengi, nami naiona kuwa ya haki, kwa kuwa jirani asiye na uwanja hana mahali pengine pa kwenda.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo penye uzito. Katika kiangazi cha mwaka 2007 mvua kubwa zilifurika England. Nyumba na majengo ya biashara yapatayo 55,000 yaliingiwa na maji, na watu 13 wakafariki. Mji wa Hull, ambao sehemu yake kubwa iko chini ya kimo cha maji kujaa baharini, uliumia vibaya ingawa hakuna mto mkubwa uliovunja kingo zake: mvua ilinyesha, na mifereji na mabomba ya chini ya ardhi yakazidiwa. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Pitt ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya mafuriko ya mwaka ule yalitokana na maji ya juu ya ardhi yaliyokosa pa kwenda, na ukapendekeza watu wasiwe huru tena kufunika bustani za mbele kwa vitu visivyopitisha maji. Miaka miwili kabla ya mafuriko hayo, Baraza la London lilikuwa limeeleza kwamba bustani za mbele zilizofunikwa jijini humo zilifikia eneo la takriban mara 22 ya bustani ya Hyde Park.

Kwa hiyo, tangu tarehe 1 Oktoba 2008, anayefunika zaidi ya mita 5 za mraba kati ya uso wa nyumba na barabara anatakiwa ama atumie kitu kinachopitisha maji, ama ayaelekeze maji hayo mahali panapoyanyonya ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Asipofanya hivyo, anahitaji kibali cha mipango, yaani ruhusa rasmi ya ujenzi (planning permission). Tuseme uwanja wenu una mita 30 za mraba: mvua ya milimita 20 inaacha juu ya zege lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20, ambazo zamani zilinywewa na udongo na sasa zinamwagika barabarani. Zidisha kwa nyumba zote za mtaa wenu, kisha fikiria yule anayeishi mwisho wa mteremko.

Nawalaumu zaidi mafundi. Anayefanya kazi hii kila wiki anaijua kanuni hii, na kunyamaza ili amalize kazi na kulipwa haraka ni kumkosea mteja.

Sasa mfanye nini? Kwanza acheni kupandisha gari, na muijibu barua mapema kwa maandishi, kwa kuwa maofisa wengi hupenda kurekebisha kuliko kushtaki. Pili, ombeni ukingo ushushwe kabla ya kutumia hata pauni moja zaidi uwanjani, maana mkikataliwa kuvuka, maegesho hayatakuwa na faida yoyote. Wakati huo huo ulizeni kama barabara yenu imo katika daraja la A, B au C, kwa kuwa kufungua njia mpya kwenye barabara za daraja hizo huhitaji pia kibali cha mipango. Mkikubaliwa, si lazima zege lote livunjwe: mnaweza kukata ukanda na kupanda maua upande lilikoinamia, au kuweka mfereji mwembamba wenye wavu mpakani unaopeleka maji kwenye kitalu. Shimo la kunyonyea maji halifai uwanja mdogo, kwani hutakiwa kuwa umbali wa mita 5 kutoka jengo. Kagueni pia ukutani: sakafu ya nje inapaswa kuwa chini ya tabaka la kuzuia unyevu kwa milimita 150, la sivyo sebule itaanza kunuka ukungu. Kama mngeniuliza mapema, ningewashauri njia mbili za matairi tu, na katikati majani.

Msitegemee kwamba muda utawaokoa. Kwa kazi zilizokamilika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024, mamlaka ya mipango ina miaka 10 ya kuchukua hatua, ambapo hapo awali ilikuwa 4.

SWALI: Ndugu Mshauri, mama yangu ana kadi ya bluu ya walemavu na tunaishi katika ghorofa la kupanga lenye kipande cha majani mbele. Je, naweza kukigeuza maegesho yake?
Msomaji, London

JIBU: Ndugu yangu, usikiguse. Uhuru niliouelezea hapo juu ni wa nyumba za familia moja. Ghorofa halina, na ardhi hiyo ni ya mwenye jengo. Iombe halmashauri ichore nafasi ya walemavu barabarani karibu na mlango wenu. Ikikubali, uliza kama nafasi hiyo ina amri rasmi ya barabara, kwa sababu nyingine ni michoro ya kuomba hisani tu, na asiye na kadi akiegesha hapo hatozwi faini. Ujue pia kwamba kila mwenye kadi ya bluu ataruhusiwa kuitumia, si mama peke yake. Mpe shikamoo yangu.