Maswali na Majibu: Kuilinda Mikono Unapotumia Zana Zenye Makali

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaochonga mbao, kushona ngozi na kukata kadibodi.

Swali: Ndugu mhariri, ninajifunza kuchonga vijiko vya mbao. Patasi huishika kwa mkono wa kulia na mti kwa mkono wa kushoto, na kila mara ni wa kushoto unaoumia. Ninakosea wapi?

Jibu: Kosa haliko kwenye mkono unaoshika patasi bali kwenye kazi uliyoupa mkono wa pili. Mkono unaoushikilia mti mbele ya makali umewekwa kwenye njia ya patasi, nayo patasi inayosukumwa kwa nguvu ili ipenye fundo gumu hufika ghafla kwenye sehemu laini na kuchomoka kabla hujawahi kuizuia. Ubane mti kwenye jiliwa, yaani kifaa cha kubania kilichofungwa mezani, au kwa vibano viwili mezani, ili mikono yote miwili ikae nyuma ya makali, mmoja ukisukuma mpini na mwingine ukiliongoza bapa.

Kabla ya kila msukumo, jiulize makali yakiteleza yataishia wapi. Kama jibu ni kiganja, paja au tumbo lako, geuza mti au ubadilishe mkao wako. Swali hili ningependa liwe mazoea ya kila mchongaji, kwa maana linatangulia tahadhari nyingine zote.

Kuna kazi za kisu kifupi ambazo haziwezekani bila kuushika mti mkononi. Hapo weka kidole gumba cha mkono ulioshika mti kwenye mgongo wa kisu na ukisukume kwa kidole hicho, ili makali yasiende mbali zaidi ya kidole kinavyonyooka. Usichongee kati ya mapaja, kwa kuwa upande wa ndani wa paja umepitiwa na ateri kubwa, yaani mshipa mkuu wa damu, na ikikatwa mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Swali: Je, ni kweli kwamba zana kali ni salama kuliko butu?

Jibu: Ni kweli. Zana butu hudai nguvu nyingi, na nguvu hiyo ndiyo inayoupeleka mkono mahali usipopataka zana inapoteleza. Ukiona mti unachanika au kupondeka badala ya kutoa maranda membamba, acha kazi ukanoe. Ukali ujaribu kwenye ukingo wa karatasi, si kwenye kidole. Hata hivyo, zana kali hukata kwa kina hata ikigusa kidogo, kwa hiyo irudishe kwenye ala kila unapoiweka chini. Na ikianguka kutoka mezani, ondoa miguu na uiache ianguke, usijaribu kuidaka.

Swali: Ninapokata kadibodi na ngozi, wembe hupanda juu ya rula na kunikata ncha ya kidole. Nifanye nini?

Jibu: Achana na rula nyembamba ya plastiki, utumie ya chuma iliyo nene, na ikiwezekana yenye ukingo ulioinuka wa kukinga vidole. Pitisha wembe mara kadhaa kwa wepesi badala ya kulazimisha mkato mmoja. Kama wembe ni wa kukatika vipande, toa kipande kimoja au viwili tu nje ya mpini, na vile vilivyokwisha kazi vitie kwenye kopo gumu lenye mfuniko, kwa ajili ya usalama wa yule atakayebeba takataka. Unapotoboa ngozi, iweke juu ya kipande cha mti. Kiganja kisiwe nyuma yake kamwe.

Swali: Je, glavu zinatosha?

Jibu: Hazitoshi. Glavu za nyuzi zinazostahimili kukatwa huusaidia mkono unaoshika mti, lakini ncha kali hupenya kati ya nyuzi. Kwenye mashine ya kutoboa au yoyote inayozunguka, zivue kabisa, kwa sababu mashine huweza kuinasa glavu na kuuvuta mkono wote.

Swali: Nikijikata, nitajuaje kama ni jeraha la kwenda hospitali?

Jibu: Vua pete kabla kidole hakijavimba, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, na uuinue mkono juu ya usawa wa moyo. Damu ikikoma, osha kwa maji safi yanayotiririka. Nenda hospitali kama damu haikomi, kama jeraha limeachama, kama ncha ya kidole imekufa ganzi, au kama kidole hakikunjiki au hakinyooki. Kano (kamba zinazounganisha misuli na mifupa) na neva (mishipa ya fahamu) za vidole ziko karibu sana na ngozi, hivyo mkato mdogo unaweza kuzikata, na kano iliyokatika hurudi nyuma ndani ya mkono, ikawa vigumu zaidi kuiunganisha kadiri siku zinavyopita. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Ncha ya zana iliyozama ndani sana usiichomoe mwenyewe. Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke kwenye maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, kwa sababu baridi kali huharibu nyama na mishipa ambayo daktari atahitaji kuiunganisha.