Maswali ya Wasomaji: Saa ya Tsunami Hujulikana, Kimo Je?

Swali: Tangazo la tsunami hutaja saa ya wimbi kufika, na kweli hufika saa hiyo. Lakini Japani mwaka 2011 watu waliambiwa mita 3, maji yakaja zaidi ya 10. Mbona hesabu moja itoke sawa na nyingine ipotoke?

Jibu: Saa hutegemea kina cha bahari, nacho kilishapimwa. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili; hiyo ndiyo kasi, mita kwa sekunde. Penye kina cha mita 4,000 ni karibu kilomita 710 kwa saa. Penye mita 10 imeshuka hadi kama 36, maji ya nyuma yanayaparamia ya mbele, na wimbi linainuka.

Kimo ni mtihani mwingine. Hutegemea sakafu ya bahari imeinuka kiasi gani, na katika dakika 3 za mwanzo hakuna aliyepima hilo. Kituo cha tahadhari hukisia kwa ukubwa wa tetemeko, unaokadiriwa kwa mitikisiko ya haraka. Tetemeko likipita ukubwa wa 8, mitikisiko hiyo haikui tena sambamba na nguvu halisi. Japani, tarehe 11 Machi 2011, makadirio ya kwanza yalikuwa 7.9. Ukweli ulikuwa 9.0, yaani nishati zaidi ya mara 40. Mkoa wa Miyagi ukatangaziwa mita 6, mikoa ya Iwate na Fukushima 3. Maboya ya GPS, yaani vyelezo baharini vinavyopimwa kimo kwa setilaiti, yalipoonyesha bahari inapanda, takwimu zikaongezwa, lakini karibu nusu saa ilikuwa imepita. Tangu 2013, tetemeko likishukiwa kupita 8, tangazo la kwanza la Japani halitaji mita. Husema tu wimbi ni kubwa mno. Kwetu sisi uamuzi huo unazidi mitambo mingi mipya, maana namba ndogo humbakiza mtu nyumbani.

Mitambo nayo imesonga. Kipima mgandamizo hukaa sakafuni, hata mita 6,000 chini, kikihisi maji yakipanda sentimita 1. Hutuma taarifa kwa sauti hadi kwenye boya, nalo huipeleka kwa setilaiti. Udhaifu ni boya: nanga hukatika, na kulifikia kunataka meli. Tena kipima kikiwa karibu na kitovu cha tetemeko, mtikiso wenyewe huchafua kipimo. Japani imelaza nyaya zenye vituo 150 chini ya bahari, bila boya. Kigumu bado ni tsunami isiyo na tetemeko kubwa: tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano Anak Krakatau, Indonesia, uliporomoka baharini, na mfumo uliongoja tetemeko ukakaa kimya.

Swali: Kwenye mto je? Mvua ilitabiriwa sawasawa, kimo kikakosewa.

Jibu: Kagua mchoro wa kituo cha mto, ule unaooanisha kiasi cha maji na kimo chake. Modeli, yaani programu ya kukokotoa mafuriko, hutoa kiasi cha maji kwa mita za ujazo kwa sekunde. Kimo husomwa kwenye mchoro uliochorwa kwa vipimo vya siku za kawaida. Juu ya hapo mstari hurefushwa kwa kukisia. Mafuriko nayo huchimba sakafu ya mto au kuijaza mchanga, na mchoro wa jana haufai leo. Pimeni upya kila baada ya furiko kubwa. Rada iliyofungwa darajani husoma kasi ya uso wa maji bila mtu kuingia mtoni. Zidisha kasi hiyo kwa takriban 0.85 upate kasi ya wastani ya kina kizima, kisha zidisha kwa eneo la mkato wa mto upate mita za ujazo kwa sekunde.