Maswali ya Wasomaji: Tabano Dhaifu Libadilishwe Lini?

SWALI: Mhariri, assalamu alaykum. Sisi ni vijana watano wa Wete, Pemba, na tangu msimu wa karafuu ulipomalizika tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimulia hadithi kwa wahusika na dadu, kila Alhamisi baada ya sala ya isha, kwa kufuata kanuni za mwaka 2014. Mimi ninacheza mchawi wa kuzaliwa, ambaye sasa yuko daraja la 3 na anajua matabano manne tu. Moja kati ya hayo ni Witch Bolt, ambalo sisi tunaliita Radi ya Mchawi. Nililichagua kwa sababu dadu yake ina pande 12 na hupiga kila zamu, lakini katika mapambano yote halijapata kumpiga adui mmoja zaidi ya mara mbili. Wenzangu wanasema nilitupe. Kaka yetu anayeendesha mchezo anasema alichozaliwa nacho mtu hakivuliki. Nitajuaje kama kosa ni la tabano au ni langu, na je, kulibadilisha ni kudanganya?

JAWABU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Nianze na la mwisho kwa kuwa jawabu lake ni fupi: si kudanganya. Kanuni mnazozifuata zinamruhusu mchawi wa kuzaliwa, kila anapopanda daraja, kuacha tabano moja analolijua na kuchukua jingine kutoka katika orodha ya wachawi wa aina yake, ilimradi liwe la ngazi (yaani kiwango cha nguvu ya tabano, si daraja la mchawi) ambayo tayari ana nafasi yake, yaani ruhusa ya kulitumia mara chache kabla ya kupumzika. Kwa hiyo mhusika wako atakapofika daraja la 4 atajifunza tabano la tano, na papo hapo ataweza kubadilisha moja la zamani. Hoja ya kaka yenu ni nzuri kwa upande wa hadithi, nami ninaiheshimu, lakini kitu alichozaliwa nacho mchawi huyu ni nguvu iliyomo damuni mwake, na matabano ni namna tu anazojifunza za kuitoa nguvu hiyo.

Ama kuhusu kupima, ninakuomba usiangalie kwanza ukubwa wa dadu, bali uangalie tabano linakula zamu ngapi na ni mambo gani yanayoweza kulikatiza. Wastani wa dadu ya pande 12 ni 6.5. Fire Bolt, tabano dogo la moto ambalo unaweza kulitumia bila kikomo na bila kupoteza nafasi yoyote, lina dadu ya pande 10, ambayo wastani wake ni 5.5, na hufika futi 120. Ukitazama karatasi peke yake Radi inashinda, tena sitaki kuidhulumu, kwa sababu pigo lake la kwanza likipata, yanayofuata hayahitaji kulenga tena, ilhali moto unaweza kukosa kila zamu. Lakini Radi hufika futi 30 tu, yaani kama mita 9, na viumbe wengi katika mchezo huu hutembea futi 30 kwa zamu moja, kwa hiyo adui aliyesimama hatua chache mbele yako akirudi nyuma mara moja tu, imekwisha. Hukatika pia akijificha nyuma ya ukuta, hukatika ukitumia kitendo chako kikuu cha zamu kwa jambo jingine lolote, hata kumnywesha dawa mwenzako anayekata roho, na hukatika ukijeruhiwa ukashindwa kushikilia umakini wako. Hata ukilitumia kwa nafasi ya ngazi ya juu, kinachoongezeka ni pigo la kwanza peke yake.

Mvuvi hatupi dema lake kwa sababu ya siku moja ya maji mafu, na wewe usihukumu kwa usiku mmoja. Chukua daftari, na kwa mikutano mitatu au minne uandike kila mara unapoliita tabano: lilidumu zamu ngapi, nini kililikatiza, na ungefanya nini kingine kwa zamu zile zile. Kabla ya kulitupa, mwombe mwenzenu anayecheza shujaa wa upanga amkamate adui na kumshikilia, kwa sababu aliyeshikiliwa hawezi kwenda popote, na hapo ndipo Radi huonyesha thamani yake. Ikiwa hata kwa msaada huo daftari linaonyesha mapigo mawili, basi kosa si lako, nawe uliache ufikapo daraja la 4 bila kusikitika. Wanaotumia kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 wasiifuate hukumu hii, kwani huko umbali umefika futi 60, pigo la kwanza lina dadu mbili, na mapigo yanayofuata hayali tena kitendo kikuu.

Yapo matabano ambayo hayahitaji daftari. True Strike ya mwaka 2014 inakutaka upoteze zamu nzima ili zamu inayofuata urushe dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Ukishambulia mara mbili kwa kawaida, uwezekano wa kupata angalau pigo moja ni ule ule, na juu yake unaweza kupata yote mawili. Sijaona hali ya kawaida ya mapambano inayoweza kulitetea.

Mengine huzaliwa na nguvu kisha yakazeeka. Ikiwa kati ya matabano yako manne limo Sleep, la usingizi, ujue kwamba dadu zake tano za pande 8 zina wastani wa alama za uhai 22.5, zinazotosha kuwalaza goblini watatu wenye alama 7 kila mmoja, lakini zimwi aina ya ogre lenye alama 59 halitapiga hata mwayo mpaka mmelijeruhi sana. Hilo libakishe kwa sasa, ulibadilishe utakapofika daraja la 5, ambapo matabano ya ngazi ya 3 kama Fireball yatakufungukia.

SWALI: Mimi ndiye mwendesha mchezo katika kikundi chetu cha Mji Mkongwe. Mchezaji wangu mmoja, anayecheza malenga, anataka kubadilisha tabano kila wiki. Nimkubalie?

JAWABU: Hapana, isipokuwa mara moja. Malenga, kama mchawi wa kuzaliwa, hubadilisha tabano moja tu kila anapopanda daraja, na akipewa zaidi ya hapo atakuwa amepewa bure uhuru wa kuhani, ambaye huandaa orodha yake upya kila baada ya mapumziko marefu. Hata hivyo, mtu aliyechagua siku ya kwanza bila kuelewa alichokisoma anastahili kuonewa huruma. Kaa naye kabla ya mkutano ujao, msome pamoja maelezo ya kila tabano, umruhusu kurekebisha chaguo moja mara hiyo tu, na wachezaji wengine wote wapewe ruhusa hiyo hiyo siku hiyo hiyo.