Maswali ya Wasomaji: Mkate wa Mchezaji wa Madaraja ya Chini Nchini Hispania

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ana umri wa miaka 17, anacheza winga, na kila jioni hufanya mazoezi jirani na Uwanja wa Ushirika. Bwana mmoja anayejitambulisha kuwa wakala ametuambia kuwa amempatia nafasi katika timu ya “Primera” nchini Hispania, ila anataka tulipe kwanza gharama za majaribio. Je, hiyo ndiyo ligi ya Real Madrid? Na kama siyo, mchezaji wa huko chini anaishi vipi? – Mama, Pasua, Moshi.

JIBU: Mama yetu, tuanze na bwana huyo, kwa kuwa suala lake ndilo la haraka. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika mazingira machache, kwa mfano pale ambapo wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka. Kwa kukiuka kanuni hizo Barcelona iliadhibiwa mwaka 2014 kwa kufungiwa usajili, na mwaka 2016 zikafuata Real Madrid na Atlético Madrid. Ikiwa klabu zenye mawakili wa kiwango hicho hazikupona, sioni ni kwa njia gani halali klabu ya daraja la tatu itamsajili kijana wa miaka 17 anayeishi Pasua na mama yake. Aidha, tangu Oktoba 2023 wakala wa wachezaji anatakiwa awe na leseni ya FIFA. Mwombe leseni yake, uihakiki, na usimpe hata shilingi kabla ya hapo.

Ligi anayoitaja huenda ni Primera Federación, ambayo ni daraja la tatu. Kwa kipimo cha kwetu, La Liga ni Ligi Kuu, Segunda División ni Championship, na Primera Federación inakaa mahali pa First League. Ilianzishwa mwaka 2021 ichukue nafasi ya Segunda B, iliyokuwapo tangu mwaka 1977. Ina timu 40 katika makundi mawili. Kila msimu timu nne tu hupanda na kumi hushuka. Chini yake kuna Segunda Federación yenye timu 90 katika makundi matano, kisha Tercera Federación yenye makundi 18 ya kimkoa. Kwa hiyo tunapomtaja mchezaji wa madaraja ya chini wa Hispania tunazungumzia maelfu ya watu, wengi wao Wahispania waliolelewa tangu utotoni katika shule za soka za klabu kubwa wakakosa nafasi juu.

Maisha yao huongozwa na mkataba. Amri ya kifalme namba 1006 ya mwaka 1985, inayosimamia ajira ya wanamichezo wa kulipwa, inataka kila mkataba uwe wa muda maalumu, jambo ambalo huko chini mara nyingi humaanisha msimu mmoja. Ligi inapofungwa kabla ya kiangazi, mchezaji aliyekuwa na mshahara mwezi Mei anaweza kufika Julai hana timu. Ndiyo maana chama cha wachezaji, AFE, kilichoundwa mwaka 1978, huandaa kambi za mazoezi kwa wale wanaosubiri kuitwa. Amri hiyo hiyo haimhesabu kuwa mwajiriwa mtu anayerudishiwa gharama zake tu, kama nauli na chakula. Tofauti kati ya mchezaji wa kulipwa na anayefidiwa nauli ni kubwa kuliko tofauti ya daraja, nami ningeuliza habari hiyo kabla ya kuuliza jina la timu.

Hata mkataba wenyewe si kinga kamili. Kiangazi cha mwaka 2003 Real Oviedo, klabu kongwe iliyokuwa La Liga miaka miwili tu kabla, ilishuka hadi daraja la tatu kwa matokeo ya uwanjani, kisha ikasukumwa hadi la nne kwa sababu ilikuwa haijawalipa wachezaji wake mishahara. Katika mabaki hayo ndipo alipoanzia kijana aitwaye Michu, ambaye baadaye alicheza Rayo Vallecano na Swansea, na mwaka 2013 akaitwa timu ya taifa. Wapo pia wanaoshika kazi mbili. Pablo Infante alikuwa mfanyakazi wa benki wakati Mirandés ya Segunda B ilipofika nusu fainali ya Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la Hispania, mwaka 2012 baada ya kuzitoa Villarreal, Racing na Espanyol, naye akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo.

Vijana wetu nao wamepita huko, wakiwa watu wazima na kwa makubaliano ya klabu kwa klabu. Farid Mussa alitoka Azam kwenda Tenerife, akacheza timu ya pili ya klabu hiyo, kisha akarejea nyumbani kujiunga na Yanga mwaka 2020. Shaaban Idd Chilunda naye alitoka Azam kwenda Tenerife, akapelekwa kwa mkopo Izarra ya Segunda B. Angalia kwamba wote wawili walikuwa wameshacheza Ligi Kuu ya hapa. Mwanao akishinda nafasi katika timu yoyote ya Championship, atakuwa amesogea karibu na Hispania kuliko atakavyosogezwa na malipo ya majaribio.

SWALI: Nina miaka 24, nacheza ndondo, na rafiki zangu wananiambia nimechelewa. Wahispania wa madaraja ya chini huachana na soka wakiwa na umri gani? – Mshambuliaji, Ngarenaro, Arusha.

JIBU: Hakuna umri mmoja, ndugu yangu, lakini mfano wa Aritz Aduriz unafaa. Alizaliwa mwaka 1981, akapita Aurrerá ya Vitoria, akachezea timu ya pili ya Athletic Bilbao, akaachwa, na msimu wa 2003 hadi 2004 alikuwa Burgos katika Segunda B, akiwa karibu na umri wako. Athletic ilimrudisha mwaka 2005, ikamuuza mwaka 2008, ikamchukua tena mwaka 2012, na mabao yake mengi yalikuja baada ya kutimiza miaka 30. Novemba 2016 aliifungia Hispania akiwa na miaka 35. Yupo pia golikipa José Juan, aliyekuwa na miaka 41 Januari 2021 wakati Alcoyano ya daraja la tatu ilipoifunga Real Madrid mabao 2 kwa 1 na kuitoa katika Kombe la Mfalme. Lakini kumbuka kwamba hao wote walikuwa ndani ya mfumo wenye ligi kila wiki na kocha kila siku. Kinachokuchelewesha ni ndondo zaidi ya umri. Timu za Arusha zilizosajiliwa hufanya majaribio kabla ya msimu, na huko ndiko pa kuanzia.

SWALI: Kwa nini timu ya pili ya Real Madrid haijawahi kuonekana La Liga? – Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Kanuni haziruhusu timu ya pili kuwa daraja moja na timu yake mama. Castilla, yaani hiyo timu ya pili ya Real Madrid, iliongoza Segunda División mwaka 1984 na bado haikupanda. Faida ya timu ya pili humwendea mchezaji mmoja mmoja: aliye chini ya miaka 23 anaweza kuitwa timu ya kwanza huku akibaki amesajiliwa timu ya pili, na akivuka umri huo hupandishwa, hukopeshwa au hutafuta mkataba kwingine.