Maumivu ya kiuno yanayoshuka mpaka mguuni, usikimbilie kisu

Pole sana kaka uliyeuliza kama upasuliwe. Kiuno kinauma miezi mitano, moto unashuka mpaka kisigino na bado unaendesha boda kutwa hapo Dodoma, hiyo inaonekana neva (mshipa wa fahamu) inabanwa, mimi ilinishika hivyohivyo hadi soksi navalishwa na mke wangu. Anza fiziotherapia (tiba ya mazoezi), isipotosha nenda hospitali ya Benjamin Mkapa, umuulize daktari kuhusu sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) karibu na neva, hupasuliwi na mara nyingi unarudi home siku hiyohiyo, ila nafuu yake ya muda na siyo wote inawasaidia. Kama una sukari sema mapema maana hiyo sindano inaipandisha. Mkojo ukigoma, sehemu za siri zikifa ganzi au mguu ukilegea usisubiri kukuche, wahi emajensi usiku huohuo.