Maswali na Majibu: Ukishindwa Kufika Kortini

*Kesi yangu ya kutengana na mume wangu itasikilizwa Alhamisi, Nakuru. Nimefanyiwa upasuaji juzi na siwezi kusimama. Nisipofika, hakimu si ataelewa?* (Njoro)

Ataelewaje bila kuambiwa, mama? Mbele yake ana faili tu. Swali hili huletwa kila mara siku mbili kabla ya kesi, na linanisikitisha, kwa kuwa dawa yake ni barua moja. Wewe ndiye uliyefungua kesi. Usipofika, inaweza kutupiliwa mbali. Asipofika mume, na notisi alipewa, inaweza kusikilizwa bila yeye.

Leo hii mpe wakili wako barua ya daktari yenye mhuri na idadi ya siku za kupumzika, aombe kesi iahirishwe na amjulishe wakili wa mumeo kwa maandishi. Kama huna wakili, tuma mtu apeleke barua masjala, yaani ofisi ya korti inayotunza faili, ikiwa na nambari ya kesi, akurudishie nakala iliyopigwa mhuri. Uliza pia kama unaweza kusikilizwa kwa video. Tangu janga la korona, mahakama zetu zimeizoea.

Hukuuliza, lakini nitasema: kama mna watoto na baba yao ameacha kutoa matunzo, wakili asiombe tarehe mpya peke yake. Aombe pia amri ya muda ya matunzo. Karo haingojei kesi iishe.

*Ndugu yangu anaweza kwenda badala yangu?* (Kondele)

Kupeleka barua na kueleza uliko, ndiyo. Kukutetea, hapana.

*Kesi inatajwa tu. Lazima niende?* (Lanet)

Nenda. Siku ya kutajwa kesi yenyewe haisikilizwi, lakini mara nyingi tarehe ya kusikilizwa hupangwa siku hiyo.

*Samansi ya mke wangu ililetwa kwa WhatsApp, nikaifuta. Sijapewa karatasi mkononi, kwa hiyo hakuna kesi?* (Kakamega)

Kesi ipo. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi kupelekwa kwa baruapepe na kwa programu za ujumbe kwenye simu. Nimelijibu hili mara nyingi mno! Umefuta ujumbe, lakini siku za kujibu zinahesabiwa. Nenda masjala kesho asubuhi uombe nakala.

*Sikufika, na watoto wakapewa baba yao. Nimechelewa?* (Bungoma)

Hapana, ila kila wiki unayokaa kimya inakuumiza. Rudi katika mahakama ileile uombe amri ibatilishwe. Katika hati ya kiapo eleza kilichokuzuia siku ile, ambatisha ushahidi, kisha useme ungejitetea vipi, maana hapo ndipo wengi huacha pengo. Unaweza kutozwa gharama za siku uliyokosa; zilipe. Sheria ya Watoto ya 2022 inatanguliza maslahi ya mtoto, kwa hiyo amri ya malezi inaweza kupitiwa upya hali ikibadilika.

Kwa sasa itii amri hiyo. Nakusihi, usiende kuwatoa watoto shuleni kwa nguvu. Kitendo hicho kitasomwa dhidi yako kortini. Kama huna pesa za wakili, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na husaidia wanawake. Nenda na nakala ya amri hiyo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.