Nikope nisome digrii ya afya au nianze na diploma?

SWALI: Anti, nimepata nafasi ya digrii ya sayansi ya afya, miaka 4, ila ada yote itabidi nikope. Rafiki yangu kachukua diploma ya maabara, ataanza kushika mshahara mimi bado niko darasani. Nimfuate?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza uliza riba inaanza kuhesabiwa lini, hapo ndo wengi wanapigwa. Ukikopa 100 kwa riba ya 8% kwa mwaka na riba ikawa inaongezwa kwenye deni, baada ya miaka 4 unadaiwa kama 136 na hata kazi hujapata. Halafu angalia hiyo digrii inakupa leseni ya nini, maana uuguzi au famasia unatoka na kazi yenye jina lake, lakini "sayansi ya afya" tupu mara nyingi unasoma tena ndo usajiliwe, yaani deni juu ya deni (siku ya kuchukua fomu hawakwambii hilo!). Mimi naona deni likizidi mshahara wa mwaka wako wa kwanza kazini, utalia. Diploma kwanza kisha digrii ukiwa kazini si aibu, ila hakikisha chuo kitakuhesabia masomo uliyokwisha soma, na upate kwa maandishi.